Cheni inalia na fundi anataka kukata pingili: usikubali

Salaam ndugu yangu. Umesema cheni ya pikipiki yako ya Boxer 150 inalia na kuruka unapopanda kutoka feri pale Likoni, fundi anataka kukata pingili mbili aikaze upya, na mwenzako wa stejini anakwambia ununue cheni peke yake kwa sababu sproketi (zile gurudumu mbili za meno zinazobeba cheni, ndogo mbele na kubwa nyuma) bado zina meno. Nimekuwa nikifunga mwenyewe cheni za pikipiki zangu miaka mingi hapa Mombasa, kwa hivyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwa macho.

Kwanza hilo la kukata. Watu husema cheni imevutika, wakadhani chuma chenyewe ndicho kilichonyooka. Kinacholika ni pini na bushi (vibomba vidogo vinavyozunguka pini) zilizo ndani ya kila pingili. Kila moja ikilika kidogo, cheni nzima inarefuka, na umbali kati ya pini na pini haulingani tena na umbali wa meno ya sproketi. Ukikata pingili mbili utapata nafasi ya kukaza, lakini zilizobaki ni zile zile zilizolika. Itaendelea kupanda juu ya meno na kuruka, na ikikatika ukiwa umebeba abiria juu ya daraja la Nyali inaweza kujisokota kwenye sproketi ya mbele, ikapasua kava ya injini au kufunga gurudumu la nyuma. Hapo utalia na gharama kubwa kuliko ya seti.

Usibishane na fundi, pima. Boxer 150 hutumia cheni ya 428, ambayo pini hadi pini ni milimita 12.7. Vuta cheni ikazike, kisha pima urefu wa pingili 20 kwa futi ya chuma. Mpya ni milimita 254. Ikifika kama 259, imekwisha. Huna futi? Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea kwenye taa ya nyuma. Ikiinuka mpaka ukaona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha pia.

Sasa angalia meno yenyewe. Kuwa na meno si hoja, hoja ni umbo lake. Jino zima lina mabega mawili yanayolingana. Lililolika limelalia upande mmoja na ncha yake imechongoka kama ndoana. Anza na sproketi ndogo ya mbele, kwa sababu ina meno machache na kila jino linapigwa mara nyingi zaidi. Wengi hawafungui ile kava, na huko ndiko ugonjwa ulikojificha. Ukitia cheni mpya juu ya meno ya namna hiyo, italika upesi sana. Mimi nanunua vitu vyote vitatu kwa pamoja, cheni na sproketi mbili. Hilo silijadili.

Dukani, iwe Mwembe Tayari au kwingine, usiseme tu "nipe ya Boxer". Hesabu meno ya sproketi zako zote mbili na idadi ya pingili, uandike kwenye simu. Kama cheni ilishakatwa zamani, fuata kitabu cha pikipiki, si ile ya zamani. Soma namba iliyopigwa kwenye ubavu wa pingili. 420 ina pini hadi pini sawasawa na 428, lakini ni nyembamba, haikai kwenye sproketi ya 428. Ukipata 428H, chukua: vipimo vya kukaa kwenye meno ni vile vile, ila vibao vya ubavuni ni vinene, na kwa kazi ya mizigo unahitaji hivyo. Ikiwa mfuko unaruhusu, kuna zenye raba ndogo kila pini zinazofungia grisi ndani na kuzuia mchanga. Kwa pwani yetu hizo ni nzuri mno, lakini huwa pana kidogo, kwa hivyo hakikisha hazitakwaruza kava. Sproketi nayo iweke juu ya meza ya duka uone kama imelala sawa. Iliyopinda irudishe hapo hapo.

Kwenye kufunga, legeza bolti za sproketi ya mbele na nati za sproketi ya nyuma kabla hujatoa cheni ya zamani, gia ikiwa ndani na mtu amekanyaga breki ya nyuma. Ukishatoa cheni, sproketi inazunguka ovyo na utahangaika. Gurudumu likiwa limetolewa, sukuma beringi kwa kidole uone kama zinazunguka laini, na angalia raba za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zikiwa zimepondeka, kila ukitia gia cheni inapigwa kwa kishindo.

Klipu ya kiungo, ile inayofunga pingili ya kuunganishia cheni, ikae upande wa nje unaoonekana, na upande wake uliofunga utazame kule cheni inakoelekea. Cheni inapopita juu inakwenda mbele, basi kiungo kikiwa juu upande uliofunga utazame mbele. Ikigeuzwa, jiwe au kijiti kinaweza kuisukuma ikafunguka njiani.

Kisha unyoofu wa gurudumu. Zile alama kwenye mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) zinafaa kwa pikipiki ambayo haijawahi kuanguka wala kubebeshwa magunia. Mimi napima kwa kamba, kutoka katikati ya bolti inayoshika mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, upande huu na ule. Zikilingana, nakaza.

Kukaza ndiko kunakoua cheni nyingi hapa mjini. Fundi anaikaza pikipiki ikiwa imesimama tupu, inakuwa imenyooka kama uzi wa gitaa, mwenyewe anafurahi kwamba hailii. Lakini mtu akikaa, mkono wa nyuma unapanda na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka. Kama hukuacha nafasi, mzigo wote unaingia kwenye cheni, kwenye beringi za habu na kwenye beringi ya shafti inayotoka kwenye gia. Ninaacha mchezo, yaani ulegevu wa kupanda na kushuka, wa kama milimita 25 hadi 30 katikati ya cheni upande wa chini, nikizungusha gurudumu polepole mpaka nipate pale inapobana zaidi, na napima hapo hapo. Halafu namwomba mtu mzima akae, nashika tena kwa mkono. Isiyocheza kabisa akiwa amekaa, nailegeza. Usisahau kurekebisha breki ya nyuma, maana gurudumu limesogea, na rudisha pini ya nati ya ekseli kama yako inayo.

Baada ya kuitumia siku chache, pima tena. Seti mpya hulegea kidogo mwanzoni.

Sisi tunaishi na chumvi. Ukishuka kwenye feri maji yakiwa yamejaa, au ukipita njia za mchanga kuelekea ufukweni Bamburi, suuza cheni kwa maji yasiyo na chumvi jioni ile ile, ikaushe, utie oili ya gia namba 90. Pitisha kwa ndani, kwenye cheni ya chini, ili mzunguko uisukume kutoka ndani kwenda nje. Uchafu uliogandamana utoe kwa mafuta ya taa na brashi, si petroli. Oili chafu ya injini inayogawiwa bure gereji ina vumbi la chuma ndani yake, na grisi nzito inashika mchanga. Na tafadhali sana, usifute cheni injini ikiwa inaunguruma na gia imeingia. Zungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Nimeona vidole vilivyokatwa.

Mwisho uliuliza kama sproketi kubwa zaidi ya mbele itapunguza mafuta. Jino moja mbele ni karibu sawa na matatu nyuma: ukigawa 42 ya nyuma kwa 14 ya mbele unapata 3.0, ukigawa kwa 15 unapata 2.8. Mizunguko ya injini itapungua kweli kwenye barabara tambarare ya kwenda Mtwapa ukiwa peke yako. Lakini umesema unabeba viazi kutoka Kongowea na kuvuka Likoni kila siku. Kwenye kile kilima cha feri utashuka gia mapema, klachi itateleza na kuungua, na mafuta uliyodhani umeyaokoa yataishia hapo. Baki na meno ya kiwandani.