Kavu au la umeme? Kwanza habari ya sumni

Swali lenu la wiki hii linasema: mtu mzima anayeanza kujifunza gitaa, aanze na gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, au la umeme? Nimelisoma asubuhi karakanani, randa mkononi, nikaiweka randa chini. Swali hili niliwahi kulijibu kwa vitendo, na kwa muda mrefu nililijibu vibaya.

Ila mmeanzia katikati. Kabla ya gitaa kuna sauti. Mtu mwenye watoto na madeni hanunui gitaa kwa sababu amepita dukani akaliona. Hununua kwa sababu kuna sauti imemkaa kifuani miaka mingi. Yangu ni ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Kaka yangu alirudi kutoka Maskati na kaseti yao nikiwa bado skuli ya msingi, tukaisikiliza mpaka utepe ukaanza kuvuta. Hapa Unguja ukitaja Queen watu humfikiria Freddie Mercury, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapa hapa Mjini mwaka 1946. Nami nampenda. Lakini masikio yangu siku zote yalikimbilia kwa mpiga gitaa wake, Brian May, na nilipokuja kujua habari ya gitaa lake, mimi seremala, sikulala usiku ule.

Gitaa lile hakulinunua. Alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963, yeye ana miaka 16. Shingo waliichonga kutoka ubao mkongwe uliokuwa juu ya meko ya nyumba, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kibiriti. Vidoto vya shingoni ni vifungo vya gamba la chaza kutoka kwenye vitu vya kushonea vya mama yake. Springi zake ni za pikipiki kuukuu. Gitaa hilo ndilo alilopanda nalo jukwaani Wembley, London, kwenye tamasha la Live Aid mwezi Julai 1985, dunia nzima ikitazama. Kila nikiokota kipande cha mti kwenye mabaki nakumbuka meko ile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mtu apewe chombo chenye sauti anayoipenda. Kama sauti hiyo ni ya umeme, apewe la umeme. Wanaosema lazima uumie kwanza kwenye kavu ndipo ustahili la umeme wananiudhi. Nyuzi za la umeme ni nyembamba, kwa kawaida zimelala karibu na shingo, na kidole cha anayeanza hakichubuki upesi. Na mtu anayeisikia ile sauti yake, hata kwa sekunde mbili, kesho atarudi.

Mimi fedha ya gitaa la umeme na amplifaya yake, kile kikuza sauti, sikuwa nayo. Nilikuwa na miaka 39. Nikanunua kavu la mtumba, la nyuzi za chuma, zimekaa juu ya shingo kiasi cha kupitisha penseli. Na nikataka kulipigia vitu vya Brian May. Yeye hapigi kwa risha ya plastiki, kile kipande cha kugusia nyuzi. Hupiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza, ya peni sita. Marehemu bibi yangu angeielewa mara moja: peni sita ni nusu shilingi, na nusu shilingi kwetu ndiyo sumni. Nikafungua kopo la vifungo la mama, nikaikuta chini kabisa sumni ya Tanzania, ile ya sungura. Nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Wiki tatu nilikaa barazani kila baada ya Isha nikitafuta kwa sumni solo ya Bohemian Rhapsody, yaani kile kipande cha wimbo huo wa Queen ambapo gitaa ndilo linaloongoza. Haikutoka. Noti mbili za mwanzo zilikuwa sawa, ya tatu inapinda. Nikihamia uzi mwingine inapinda zaidi. Uzi mwembamba ulikatika, nikatia mwingine, ukakatika. Niliamini sarafu ndiyo inayokata, na niliamini vidole vyangu vimezoea nyundo kiasi kwamba havifai tena kwa kitu laini. Mke wangu hakusema neno. Watoto walihamia chumba cha nyuma.

Ng'ambo ya kichochoro anakaa mzee mmoja aliyepiga udi katika taarab maisha yake yote, na gitaa pia siku ambazo mpiga gitaa hakutokea. Wiki tatu zile alikuwa akisikia yote. Usiku mmoja akaniita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo na hicho. Unatafuta nini humo?"

Nikamweleza Queen, sumni, na ile solo. Hakucheka. Alilichukua gitaa, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote sita polepole, akarudia mbili za mwisho.

"Nani kakutilia nyuzi?"

"Mwenyewe."

"Hizi mbili umezipandisha kama udi. Hazipatani na wenzake."

Nilikuwa nimefundishwa na mtu kwamba ukibana uzi kwenye freti ya 5, freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, unapata sauti ya uzi unaofuata, basi unafuata hivyo mpaka mwisho. Hakuniambia kuwa uzi wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba, haumo katika kanuni hiyo: ule hubanwa freti ya 4. Nilipoubana kwenye ya 5, uzi wa pili ukapanda nusu sauti, na wa kwanza uliopimwa kutoka kwa wa pili ukapanda nao. Ndiyo maana ulikuwa ukikatika. Ulikuwa umevutwa kuliko kipimo chake. Wiki tatu nilikuwa nikipiga noti sahihi kwenye gitaa lisilo sahihi, nikijitukana moyoni kila usiku.

Akazishusha zile mbili kwa sikio, bila kubana freti yoyote. Kisha akaniomba sumni, akaigeuza kwenye taa, akaiona sungura, akanirudishia.

"Hii haipindi. Risha isipopinda, kifundo cha mkono ndicho kipinde. Chako bado kigumu."

Akanipa risha yake mwenyewe, aliyoikata kutoka kwenye plastiki ya dumu. Kwa wiki nzima nilipiga uzi mmoja tu, wazi, chini na juu, bila kidole hata kimoja shingoni. Yeye anakaa na kahawa, na mkono ukikaza anasema "legeza", basi. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini Brian May anaiweza sarafu: kwa kuwa ngumu haimezi chochote, kila kinachofanywa na vidole kinafika kwenye uzi. Kwake yeye ni faida. Kwangu mimi kila kosa lilikuwa linafika.

Baada ya uzi mmoja zikaja kodi, yaani nyuzi kadhaa zinazolia pamoja: re, sol, do. Na hizo tatu zilinirudisha kwa Queen kwa mlango mwingine. Mwaka 1979, huko Munich, Freddie Mercury alitunga wimbo wa Crazy Little Thing Called Love kwa gitaa, yeye mtu wa piano aliyejua kodi chache tu, na mwenyewe alisema uchache huo ulimsaidia. Mwaka uliofuata ukashika namba moja Marekani. Gitaa linaloufungua ni kavu, na anayelipiga ni yeye. Niliposhika re na kuibadilisha kwenda sol bila kusimama, mguu wa babu ulianza kugonga sakafu. Akauliza ni wa nani. Nikamwambia. Akanyamaza, halafu akasema, "Mtoto wa Bulsara, karani wa mahakama." Akaniomba niupige tena.

Nimeandika mpaka hapa na naona msimamo wangu wa juu haujasimama vizuri. Ningekuwa na gitaa la umeme wiki zile tatu, lingekuwa na nyuzi zile zile zilizopanda, na amplifaya ingelikuza lile kosa mpaka Mwanakwerekwe. Na huku umeme ukikatika hubaki na ubao.

Basi jibu langu: kavu. Lakini la nyuzi za nailoni, si za chuma, hasa kama ngozi ya vidole ni laini, na hasa kwetu pwani ambako chumvi hula chuma haraka. Nailoni zile tatu nyembamba hazishiki kutu. Nyuzi zikiwa juu sana, mpe fundi ashushe kitako kinachozishikilia kabla hujaanza, usivumilie. Mwenye ndugu wa kumuazima la umeme alichukue, simzuii. Na kila mtu apate sikio la pili, la mtu anayejua, mwezi wa kwanza.

Hilo ni jibu la anayeanza. Mimi sasa ni mwaka wa sita. Nina kipande cha msaji kutoka mlango mkongwe niliobadilisha Shangani, mkavu, hauna ufa. Shingo nimeshaichora juu yake kwa penseli, na vifungo mama amenipa. Zilizobaki ni freti.