Ukishika karata nzuri kwenye meza ya dola 1 na 3, weka dau

Haya nawaandikia ndugu zangu mnaoanza kukaa kwenye meza za poka za kasino huku Marekani, zile za Texas Hold'em (kila mtu hushika karata zake mbili, na tano hufunuliwa mezani kwa wote) za blaindi, yaani madau ya lazima ya watu wawili kabla ya mgao, dola 1 na 3, ambazo mtu huketi na dola 100 hadi 300 hivi. Wengi mnafika mkiwa mmeshatazama video nyingi za kupiga mkwara, yaani kuweka dau kubwa huku huna kitu. Wekeni mkwara kando kwanza. Kwenye meza hizi haulipi, maana watu hawatupi karata zao. Kinacholipa ni kushika karata nzuri kweli, kuweka dau nono mapema, na kuweka tena raundi inayofuata.

Tazama walioketi: mstaafu anayejuana na kila mhudumu, fundi aliyetoka kazini Ijumaa jioni, mtalii anayeondoka kesho asubuhi. Dila, yaani mgawa karata, akienda vizuri anagawa mara 25 hadi 30 kwa saa. Jamaa ametupa karata tangu aketi, amechoka kutupa, na sasa ameletewa Q na 9 za kopa. Huyo amekuja kucheza, hakuja kutazama. Ukimwekea dola 9 atalipa, yaani atatoa kiasi hichohicho ili abaki mchezoni, ukimwekea 18 atalipa vilevile, kwa sababu uamuzi alishaufanya alipofunua karata zake, kabla hajaiona bei. Bei ni juu yako wewe.

Sasa fikiria A mbili. Hesabu ya karata 52 inasema utazipata mara moja katika kila migao 221. Kwa mwendo wa kasino hizo ni saa saba, nane, hata tisa za kusubiri. Halafu watu watatu wanaingia kwa dola 3 kila mmoja, na wewe unapandisha hadi 9 ili "usiwafukuze". Kijiji kizima kitakufuata. A mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda kama mara 85 kwa 100; dhidi ya wanne hushuka hadi 56. Kwenye meza ya dola 1 na 3 mimi huanzia 12 au 15, kisha naongeza dola 3 hadi 5 kwa kila aliyekwisha kuingia mbele yangu. Wakiwa watatu, sema 25. Akilipa mmoja au wawili, vizuri sana. Wakitupa wote, umeokota dola 13 (9 zao na 4 za blaindi) bila jasho, ingawa hilo halitokei mara nyingi.

Hapa kuna kanuni inayowaumiza wageni. Ukiwa na nia ya kupandisha, ukatupa chipu moja ya dola 25 kimyakimya wakati dau lililo mbele yako ni dola 3, dila atahesabu kwamba umelipa 3 tu na atakurudishia chenji. A zako zitaingia vitani na watu watano. Tamka kwanza kwa sauti kwamba unapandisha, taja kiasi, ndipo usukume chipu, tena zote kwa mkupuo mmoja. Ukizipeleka kwa mafungu bila kutamka, fungu la kwanza tu ndilo linalohesabiwa. Na utamke kwa Kiingereza. Kasino nyingi hukataza lugha nyingine mezani wakati karata zimeshagawiwa, hivyo Kiswahili na rafiki yako kiti cha pili kisubiri mgao uishe. Mnaweza kuwa mnazungumzia ugali, lakini mezani itaonekana mnapeana siri.

Karata tatu za mezani zikishafunuliwa, ndipo pesa zenyewe zinapotafutwa, na ndipo wengi wanapopoa. Chukua poti, yaani pesa zilizo katikati ya meza, ya dola 30, mmebaki wawili, zimebaki raundi tatu za dau. Ukiweka 10, 10 na 10, na jamaa akalipa zote, umemtoa dola 30. Ukiweka robo tatu ya poti kila mara, utaweka 22, halafu 55, halafu 138: jumla 215. Ukipitisha raundi ya kwanza bila dau kwa kujifanya huna kitu, kisha ukaweka robo tatu raundi mbili zilizobaki, unapata 77. Raundi moja tu uliyotega imekula dola 138, kwa sababu poti hukua kwa kuzidishwa, na ile dola 22 ya mwanzo ndiyo inayozaa dau kubwa la mwisho.

Mfano. Una J mbili na dola 300. Wawili wameingia kwa 3, unapandisha hadi 20, wawili wanalipa. Katikati kuna kama dola 60 kasino ikishakata chake. Zinafunuliwa Q, J na 6, kopa mbili ndani yake. Una J tatu. Weka 50 papo hapo. Mwenye A na Q atalipa, mwenye K na 10 atalipa, mwenye kopa mbili atalipa huku akitabasamu. Huyu wa kopa, akibakiza karata mbili za kuja, atafanikiwa kupata kopa ya tano kama mara 35 kwa 100. Ikibaki moja, kama 19 au 20. Ukimwekea dola 10 umempa punguzo. Ukimwekea 50 analipa bei mbaya, na bado analipa. Karata ya nne ni 3 ya maua, haina faida kwa yeyote: kama amelipa mmoja, poti ni 160, weka 100. Akilipa tena, umebakiza 130 na poti ni 360, kwa hiyo dau la mwisho linajiweka lenyewe.

Poti kubwa ina faida nyingine. Kasino nyingi hukata asilimia 10 ya poti mpaka kikomo, mara nyingi dola 5 au zaidi kidogo, na huongeza dola moja au mbili za mfuko wa zawadi. Kikomo kikishafikiwa, poti ya 60 na ya 600 hukatwa sawasawa. (Vilabu vya Texas kwa kawaida hulipisha kwa saa, huko hesabu ni tofauti.)

Kutega kuna wakati wake, kama meza ina kijana mwenye moto anayeweka dau kila raundi bila kuulizwa. Huyo mwachie akufanyie kazi. Zaidi ya hapo sitegi.

Ila mjue breki ziko wapi. Wachezaji hawa hulipa ovyo, lakini hawapandishi ovyo. Yule mzee aliyekuwa analipa tu jioni nzima, akipandisha dau lako kwenye karata ya nne au ya tano, jozi yako ya A imeshapigwa. Ana jozi mbili, ana tatu za namna moja, ana mfuatano. Tupa, tena bila kumwonyesha mtu. Anayeshindwa kutupa A mbili hapo huzirudisha faida zote alizozijenga.

Mwisho, mezani unashinda kwa kadiri ya chipu ulizo nazo mbele yako. Ukiwa umebakiza dola 80, J zako tatu zitalipwa 80, hata jamaa akiwa na 500. Kama mfuko unaruhusu, na nasema pesa ambayo si ya kodi ya nyumba wala ya kutuma nyumbani, keti na kiwango cha juu na ujazie kila kinapopungua. Ujazie kabla karata hazijagawiwa. Zikishagawiwa, dila hatakubali hadi mgao uishe.