Spika za Wi-Fi nyumba nzima: raha yake iko wapi hasa?

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu ajaze spika za Wi-Fi kila chumba wakati spika moja kubwa ya Bluetooth inasikika hadi nje. Nimeishi na mfumo huu kwa muda wa kutosha, acha nikujibu kwa ninayoyaona mwenyewe.

Wengi hudhani raha yake ni kuachana na waya. Si kweli, maana spika nyingi bado zinadai waya wa umeme na soketi ya karibu. Raha yenyewe ni kwamba sauti inaacha kuwa ya chumba kimoja. Unasikiliza taarifa ya habari ukiwa jikoni, unapita koridoni kwenda chumbani kukunja nguo, na hakuna sentensi iliyokupita. Spika moja kubwa haiwezi hilo, kwa sababu ili isikike jikoni lazima aliyekaa sebuleni aumie masikio. Spika ndogo nne zikipiga kwa sauti ya chini zinaenea nyumba nzima, na watu wanaongea kama kawaida.

Kazi ngumu ni kuzifanya zipige pamoja. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita moja inachukua karibu milisekunde 3. Spika mbili zikipishana kidogo tu hugundui. Zikipishana zaidi ya milisekunde 50 hivi, msomaji wa habari anaanza kujirudia, na ukisimama mlangoni kati ya vyumba viwili utatamani kuzima kila kitu. Ndiyo maana kila spika huhifadhi kipande cha wimbo mapema, zote zinalinganisha saa zao, kisha zinakipiga kwa wakati mmoja. Kampuni ya Sonos ilianza kuuza mfumo wa aina hii mwaka 2005, na Apple wakaleta wao, AirPlay 2, mwaka 2018. Mimi nasisitiza sana hapa: chagua familia moja ya spika, yaani za mfumo mmoja, ubaki nayo. Spika za mifumo tofauti kwa kawaida haziendi sambamba, hata kila moja iwe nzuri kiasi gani.

Kuna jambo la pili ambalo Bluetooth haikupi. Kwenye Bluetooth muziki unatoka kwenye simu yako, kwa hiyo ukipigiwa unakatika, na ukitoka na simu unakatika pia. Kwenye mfumo kama wa Chromecast wa Google, simu inatoa amri tu, halafu kifaa chenyewe kinavuta wimbo kutoka intaneti. Simu ikiisha chaji, muziki unaendelea.

Picha ni habari nyingine, usiitarajie iwe rahisi hivyo. Muziki wa ubora wa CD unahitaji kama megabiti 1.4 kwa sekunde, lakini filamu ya 4K (picha kali sana) hutaka 15 hadi 25. Tena muziki unaweza kusubiri kidogo kabla ya kuanza, ila sauti ya runinga lazima ifuate midomo. Ndiyo sababu mpira ukiwa sebuleni, spika ya jikoni mara nyingi hubaki nyuma kidogo. Runinga yangu nimeichomekea waya wa mtandao moja kwa moja kutoka kwenye ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi), nikaziachia spika Wi-Fi yote.

Na ruta ndiyo roho ya mfumo mzima. Masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri lakini yana msongamano, kwani ni chaneli tatu tu (1, 6 na 11) zisizoingiliana. Maikrowevu nayo hufanya kazi humo humo. Spika yangu ya jikoni ilikuwa ikikatakata kila chakula kinapopashwa moto, na kengele ya maikrowevu ikilia tu muziki unarudi. Niliisogeza upande wa pili wa meza na kuihamishia masafa mengine ya Wi-Fi, ya 5 GHz, ikatulia. Lakini 5 GHz huchoka haraka mbele ya kuta nene, kwa hiyo nyumba ndefu itahitaji ruta za meshi, yaani kadhaa zinazoshirikiana kama mtandao mmoja.

Kama unaanza, chukua spika mbili za familia moja, uziweke kwenye vyumba mnavyokaa zaidi. Na kabla ya kulipa muulize muuzaji: intaneti ikikatika, zitaweza kupiga nyimbo zilizohifadhiwa kwenye simu? Baadhi hazikubali hata kuandaliwa kwa matumizi ya kwanza bila intaneti.