Kabla hujapanda basi kwenda kutafuta ukoo wako

Nilipofika Songea mara ya kwanza, konda alipaza sauti: "Tanga hapa, mwisho wa gari!" Nikadhani ananitania. Nimetoka Tanga, nimebadilisha basi Dar, nimekaa kitini mpaka miguu imevimba, halafu nashushwa Tanga? Kumbe stendi kuu ya Songea iko kata inayoitwa Tanga. Tukio lenyewe la kuchekesha, ila lilinipotezea siku mbili. Kila nilipowaambia wazee kwamba babu yangu alihamia Tanga, walielewa hiyo ya kwao, wakawa wananielekeza nirudi mjini.

Babu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba. Alichukuliwa na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944 kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali, akapelekwa Korogwe, mkoani Tanga. Mkataba ukaisha, hakurudi. Akasilimu, akaoa Mzigua, akafa akiitwa Saidi. Sisi wajukuu tuliachiwa maneno mawili tu: "Kwetu Songea."

Usisafiri na maneno mawili. Kaa kwanza na wazee wa hapo ulipo, na uwaulize maswali wanayoweza kuyajibu. Mimi nilianza na "babu alizaliwa mwaka gani", nikaambulia kimya. Siku nyingine nikamuuliza bibi: akiwa na homa, babu alikuwa anamwita nani? Bibi hakufikiri hata kidogo. "Alikuwa anasema yeye Laurenti. Na alikuwa anamwita Odilia." Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza Odilia ni nani, na bibi naye hakuonekana kutaka tuendelee. Nikanywa chai yangu.

Laurenti ndiye aliyenifungulia mlango. Saidi asingepatikana Songea hata ningekaa mwaka. Jina la ukoo nalo peke yake halitoshi: ukimuulizia Ngonyani, utaulizwa Ngonyani yupi, maana wamejaa wilaya nzima.

Kijijini nilikosea vibaya. Nilitoa daftari siku ya kwanza na kuanza kuandika: nani alizaa nani, nani alilima wapi. Mzee mmoja akafunga mdomo, wengine wakamfuata. Jioni mwenyeji wangu akanieleza: wanadhani umekuja kudai shamba. Kwa hiyo anza ofisi ya mtendaji wa kijiji, jitambulishe, na sema wazi mbele ya watu kwamba hutaki ardhi. Kisha kaa. Peleka sukari na sabuni, nenda msibani kama kuna msiba, acha daftari ndani. Siku ya tatu yule mzee aliyenyamaza ndiye alinishika mkono na kunipeleka kwenye mahame, yaani kijiji cha zamani kilichohamwa. Kijiji cha sasa ni cha Operesheni Vijiji, ile ya miaka ya sabini ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya. Alikozaliwa babu ni mwendo wa saa nzima porini, na kilichobaki ni miembe mitatu iliyopangwa mstari. Watu wengi wanakwenda kwenye kijiji chenye jina sahihi na kusimama mahali pasipo sahihi. Ulizia mahame.

Tarehe nazo zitafute kwa matukio. Songea hakuna mzee asiyejua kama baba yake alizaliwa kabla au baada ya Majimaji, ile vita ya kuwapinga Wajerumani, na kila tarehe 27 Februari mji unawakumbuka mashujaa walionyongwa 1906. Ukishapata "baba yake alikuwa mtoto wa kubebwa wakati wa Majimaji", una pa kuanzia.

Kwa waliobatizwa, parokia ni hazina. Wamisionari Wakatoliki wa Kibenediktini walifika Peramiho, karibu na Songea, 1898, na misheni ilichomwa 1905 wakati wa vita, kwa hiyo usitarajie makubwa kwa miaka ile ya mwanzo. Nenda siku ya kazi. Jumapili padre hana nafasi nawe. Daftari la ubatizo tulilofunguliwa lilikuwa na Kilatini, na babu yumo: Laurentius, jina la baba, jina la mama, msimamizi. Ningeishia hapo kama padre asingeweka kidole pembeni ya ukurasa. Wakatoliki huandika ndoa ya mtu pembeni ya ubatizo wake. Wino mwingine, mwandiko mwingine: Odilia.

(Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar, nilikwenda pia. Za wilaya zipo, ila zinazungumzia zaidi machifu na kodi kuliko kibarua kama babu yangu.)

Odilia alishafariki. Binti yake yupo, alizaliwa babu akiwa tayari ameondoka. Shangazi yangu, kumbe, miaka yote hiyo. Alinipokea akiniita "baba", akanikalisha kwenye mkeka, akauliza: "Aliwahi kututaja?"

Jiandae kwa swali hilo, kwa sababu ukifukua ukoo utakuta kuna walioachwa. Mimi nilianza kumtetea babu: nauli, mkonge, shida za wakati ule. Binamu akanigusa goti ninyamaze. Basi nikasema nilichokuwa nacho, habari ya homa. Shangazi akainuka haraka kwenda kufukuza kuku waliokuwa wanakula mahindi uani. Hakukuwa na kuku.

Jambo la mwisho ni dogo lakini lilinigharimu: toa nakala za picha kabla ya safari. Nilibeba ile picha moja ya babu, amesimama mbele ya kambi na kofia mkononi. Shangazi aliishika asubuhi, akaitazama sana masikio, akaingia nayo ndani. Niliaga kesho yake, na sikuwa na uso wa kuiomba. Baba mdogo ananidai mpaka leo.