Anaimba ba-be-bi-bo-bu vizuri, lakini hasomi

Binti yangu alikuwa na miaka 6 nilipogundua kwamba hajui kusoma. Kila jioni alinisomea kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari, nami nikawa nimeridhika. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja katikati ya sentensi. Akanyamaza. Kumbe alikuwa amekikariri kitabu kizima, na picha ndizo zilizokuwa zikimkumbusha maneno.

Nikamwandikia "bo" kwenye karatasi. Akaanza kunong'ona: ba, be, bi... kisha kwa nguvu, "bo!" Alilazimika kuupitia wimbo wote ndipo aifikie silabi moja. Hapo nikaelewa kuwa si uvivu, wala akili yake haina kasoro. Alijua kuziimba silabi, lakini hakuwahi kuonyeshwa kila herufi inatoa sauti gani.

Mzazi mwenzangu, anza na sauti. Majina ya herufi yatakuja baadaye. Mimi nilikuwa nimemchanganya bila kujua, maana kila nikimwonyesha M nilimwambia "ma". Basi "mama" kwake ikawa ma-a-ma-a, na "mtu" akaandika "matu", na alikuwa na haki kabisa. Sauti ya M ni midomo iliyofungwa na mvumo wa puani, mmmm, basi. S ni sssss. Usiibandike irabu mwishoni. Sauti kama p, t na k hazivutiki, kwa hiyo zitamke kwa ufupi sana.

Ndiyo maana tulianza na zile zinazovutika: m, s na l, pamoja na irabu a na i. Herufi 5 tu, lakini tazama zinavyozaa: mimi, sisi, lala, lima, simama, salama. Tulikaa nazo wiki mbili, dakika kumi kila siku, na sijutii hata siku moja kati ya hizo. Kazi ngumu ilikuwa kuunganisha. Alikuwa akisema "s", anatua, "i", anatua, halafu anakisia neno lolote. Nikaandika kila herufi kwenye kipande chake cha karatasi na kuvitenganisha mezani. Tukaisukuma s polepole kuelekea i huku tukivuta sssss bila kukata pumzi, mpaka vipande vikagusana: sssi. Akanitazama. "Si!" Akavirudisha nyuma na kuvisukuma tena peke yake, mara nne au tano.

Silabi zile za wimbo si mbaya, ila zivuruge. Andika bu, kisha ba, kisha be. Mtoto anayejua sauti hatahitaji kuanzia mwanzo.

Kipimo kingine ninachokiamini ni maneno yasiyo na maana. Uingereza, tangu 2012, watoto wa miaka 5 na 6 hupewa maneno 40 wayasome kwa sauti, na nusu yake ni ya kubuni tu. Neno la kubuni halikaririki wala halikisiwi kwa picha. Nyumbani tulitunga yetu, "lumasi", "sobile", "tikamu", na binti yangu akayapenda kuliko maneno ya kweli.

Kwa Kiswahili tuna bahati kubwa: irabu ni 5, na kila moja hubaki na sauti ile ile popote ilipo. Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44, na a yake hubadilika kutoka neno hadi neno. Mtoto anayejifunza lugha zote mbili asichanganyiwe katika kikao kimoja. Sisi tulikiacha Kiingereza mpaka Kiswahili kilipotulia.

Tahajia ni njia hiyo hiyo ukiigeuza. Mtoto akikuuliza "simama" inaandikwaje, usimtajie herufi. Mwambie alitamke neno polepole, alipigie makofi, si-ma-ma, kisha aandike anachosikia katika kila kofi. "Mtu" ina makofi mawili, m-tu, kwa sababu ile m inasimama peke yake. Watoto wengi huandika "mutu" kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha hilo.

Kuna sauti zinazotaka uvumilivu. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe si moja, na kile kialama kidogo si pambo. Kwa dh na th mwambie aweke ulimi katikati ya meno na mkono kooni: kwenye "dhambi" koo linatetemeka mwanzoni, kwenye "thamani" limetulia. L na r ndizo zilizotutesa zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe nilizichanganya nikiongea. Mtoto huandika anachosikia kinywani mwako. Ilibidi nijirekebishe kwanza, nikisema kalamu na karamu taratibu mbele yake mpaka akasikia kuwa moja ni ya kuandikia na nyingine ni sherehe.

Usisahihishe kila kitu kwa mkupuo. Chagua sauti moja. Na kama miezi inapita na bado hazitofautishi sauti, mpeleke apimwe masikio na macho kabla hujamlaumu.

Wiki iliyopita niliamka nikakuta karatasi mlangoni kwake: "mama nimerala usini amshe". Niliisoma nikiwa nimesimama pale pale, bila picha ya kunisaidia na bila mtu wa kuniambia alitaka kusema nini. Alipoamka tukalisema pamoja neno moja tu, lala, ulimi ukigusa juu nyuma ya meno. Hiyo "usini amshe" tutaiunganisha siku nyingine.