Piga Makofi Kabla ya Kupaka Rangi

Ukuta wa kwanza tuliouchora, tuliuchagua kwa macho. Ulikuwa mrefu, umenyooka, na kila apitaye uchochoroni aliuona. Tulichora wiki mbili, kisha siku ya uzinduzi tukawaita wanamuziki. Wimbo wa kwanza tu, maneno yakapotea. Ukuta wetu ulitazamana na mwingine wa zege, sauti ikawa inagonga huku na kurudi kule, pigo moja la ngoma likasikika kama matatu. Watu walipiga picha, wakaondoka. Iliniuma sana, kwa sababu mchoro wenyewe ulikuwa mzuri.

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua kopo la rangi, nasimama mbele ya ukuta na kupiga makofi. Mlio ukirudi mkavu, tena na tena, tunachora lakini spika hatuleti. Gitaa na sauti ya mtu vinatosha. Ukififia mara moja, nimepata jukwaa. Usitegemee mchoro upunguze mwangwi, maana rangi haimezi sauti.

Wanamuziki waupe mchoro mgongo, ili macho na masikio ya watu yaelekee upande mmoja. Basi mwambie mchoraji mapema: mita mbili za chini ziwe rangi tupu. Nimeshuhudia sura ya mtoto, kazi ya siku tano, ikifichwa yote na spika la besi.

La muhimu kuliko yote, usingoje uzinduzi. Muziki upigwe uchoraji ukiendelea. Mpita njia husimamishwa na wimbo, kisha huuliza lile jicho ni la nani. Kesho yake anarudi na mwanawe, wanaomba brashi. Kule Comuna 13, mjini Medellín, Kolombia, ambako ngazi za umeme za mtaani zilifunguliwa mwaka 2011, wageni hupanda kutazama michoro huku vijana wakirap na kucheza palepale. Napenda mfano huo kwa kuwa picha na muziki vimekulia mtaa mmoja.

Plasta mpya iache ikauke kama siku 28. Ukuta unaotoa chumvi nyeupe, achana nao hadi unyevu utibiwe.

Halafu majirani. Besi hupenya kuta kuliko sauti nyembamba, kwa hiyo bisha hodi mlango kwa mlango. Mama mmoja alitukatalia kabisa. Kumbe alikuwa na mgonjwa ndani. Tulikubaliana saa ya kunyamaza, tukaiandika pembeni ya mchoro kwa rangi ileile.