Theluji niliyoirundika mwenyewe ndiyo iliyoingia besimenti

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja aliyenunua nyumba Columbus, Ohio. "Shikamoo kaka. Wanasema El Nino inakuja, baridi haitakuwa kali. Fundi amenipigia hesabu ya pampu ya besimenti, hela ni nyingi. Naweza kusubiri mpaka mwakani? Nataka kumalizia chumba cha chini kwanza, nimeshapata mpangaji."

Marahaba mdogo wangu. (Kwa asiyejua: besimenti ni chumba cha chini ya ardhi, pampu yake husukuma nje maji yanayojikusanya kwenye shimo la sakafuni, na El Nino ni pale maji ya katikati ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida.) Nilikuwa kwenye gari nje ya kazi, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akageuka. Ujumbe huo mwaka 2022 ningeuandika mimi, isipokuwa hapo penye fundi, maana mimi fundi hata sikumwita.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtoto wa Magomeni, Dar es Salaam, upande ule unaoteremkia Jangwani. Anayelijua Bonde la Msimbazi hahitaji maelezo. Mvua za Desemba 2011 zilipokuja, maji yaliingia kwetu yakabeba masufuria, viatu na daftari zangu zote za sekondari. Majirani kadhaa wa bondeni wakaishia kupewa viwanja Mabwepande. Siku ile nilijiapiza kwamba nikipata nyumba yangu, maji yatabaki kwenye bomba. Miaka ikapita, nikaja Minnesota, nikabeba zamu za usiku mpaka macho yakawa mekundu, na Agosti 2022 tukakabidhiwa funguo za nyumba kaskazini ya Minneapolis. Mto uko mbali. Bonde hakuna. Nikampigia mama simu nikamwambia, "Mama, huku tumepona."

Sikujua kwamba nimenunua shimo.

Nyumba za huku, msingi lazima ushuke chini ya kina ambacho ardhi huganda. Kwa eneo letu sheria ya ujenzi inataka inchi 42. Sasa wenyewe wakishachimba hivyo, wanaona bora wachimbe zaidi wapate chumba kizima, ndiyo besimenti. Mashine ya joto iko huko, hita ya maji iko huko, mashine ya kufulia iko huko. Na sisi tunaotoka nyumbani tunaongezea yetu: mapipa yanayosubiri kontena, mabegi ya nguo za kutuma na biashara ndogo ya mama watoto. Mke wangu alikuwa na vitenge vya kuuza, marobota matatu yaliyopangwa sakafuni. Mimi nilikuwa na mpango wa chumba cha kupangisha. Najua wengi mnaosoma hapa mna mpango huohuo, na si mpango mbaya, mkopo wa nyumba haujilipi.

Oktoba ile nikafanya jambo ambalo nililiona la kisomi kabisa. Nikafungua ramani za msimu za NOAA, ile idara ya Marekani ya bahari na anga. Kituo chao cha tabianchi hutoa utabiri wa miezi 3 kila Alhamisi ya 3 ya mwezi, na ule wa Oktoba ndio watu wote wanausubiri kwa ajili ya Desemba mpaka Februari. Mwaka ule La Nina ilikuwa inaingia msimu wa 3 mfululizo, yaani maji ya katikati ya Pasifiki yalikuwa ya baridi kuliko kawaida. La Nina ikikaa vile, mara nyingi huku kaskazini baridi huongezeka, na kule kwetu Afrika Mashariki vuli hukauka. Na kweli, mwezi uleule mama ananiambia Dar maji ni ya mgao kwa sababu Mto Ruvu umepungua, watu wanahangaika na ndoo. Bahari moja, mama hana maji ya kupikia, mwanawe ananunua makoti mazito.

Ndiyo, nilinunua makoti. Nikafanyia sevisi mashine ya joto, nikaziba nyufa za madirisha. Nilisoma neno "baridi" nikadhani nimemaliza kusoma.

Hapa nitulie kidogo kwa sababu ndipo wengi tunapopotea. Ramani ile haisemi theluji itaanguka kiasi gani. Inachukua joto, au mvua na theluji kwa jumla, na kugawa uwezekano mafungu matatu: juu ya kawaida, kawaida na chini ya kawaida. Kama hawana cha kusema, kila fungu linapata asilimia 33 na ramani inabaki nyeupe. Ukiona eneo lako limepakwa rangi na kuandikwa 40, maana yake mzani umeinama kidogo tu upande huo. Na yote hayo ni wastani wa miezi 3! Besimenti haijazwi na wastani. Inajazwa na usiku mmoja. Shemeji yangu mmoja (tutamrudia) alikuwa akisema anamwamini zaidi yule mnyama wa Pennsylvania wanayemtoa shimoni kila Februari 2 kuangalia kivuli chake. Mtu mzima, ana digrii mbili, anasubiri kauli ya panya buku.

Basi theluji ikaanguka. Ikaanguka tena. Msimu ule wa 2022 hadi 2023 Minneapolis ilipata inchi 90.3, wa 3 kwa wingi tangu waanze kupima. Kila nikirudi zamu alfajiri nashika koleo kusafisha njia ya gari, na kwa sababu nimechoka, naitupa pale karibu: upande wa kushoto, ukutani mwa nyumba. Koleo baada ya koleo, Desemba, Januari, Februari, Machi. Aprili Mosi ikaja nyingine nzito, nikairundika palepale. Mlima ule ulifika usawa wa dirisha la jikoni. Watoto waliuita Kilimanjaro na mimi nikaupiga picha nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilijivunia.

Halafu joto likaja ghafla. Katikati ya Aprili, siku chache tu baada ya kuvaa buti za theluji, hewa ikapita nyuzi 80 za Fahrenheit, karibu 27 kwa hesabu zetu. Majirani wametoka na kaptula, wanachoma nyama. Mimi nimekaa barazani na chai yangu nauangalia mlima wangu unavyopungua, najisemea afadhali. Sikujiuliza unapungukia wapi.

Saa nane usiku niliamka kwa sababu ya ukimya. Wenye besimenti mtanielewa. Kuna mngurumo fulani wa chini unaouzoea mpaka huusikii tena, na siku ukikatika ndipo unausikia. Nikashuka ngazi bila kuwasha taa. Ngazi ya mwisho, mguu ukaingia kwenye kapeti, kapeti likasema chwaaa. Maji ya barafu kabisa. Nikawasha taa ya simu: ndala moja ya mke wangu, ya bluu, inaelea inazunguka taratibu mbele ya hita ya maji kama ngalawa iliyokosa upepo.

Nikaingia. Pekupeku. Soketi ziko ukutani, waya wa friji uko sakafuni, na mimi nimo ndani ya maji mpaka juu ya kifundo natafuta vitenge. Mke wangu alinipigia kelele kutoka juu ambazo sijazisikia tena tangu siku hiyo. Alikuwa na haki. Usiingie kwenye maji ya besimenti kabla umeme haujazimwa, na kama meni swichi iko hukohuko majini, usiifuate, ita watu wa umeme. Nasema mara moja na nitasema tena: usiingie.

Pampu ilikuwepo, mwenye nyumba wa zamani aliifunga. Ilikuwa imesukuma maji kwa saa nyingi mpaka ikaungua, kwa sababu mdomo wa bomba lake la nje ulikuwa chini ya Kilimanjaro, umeziba kwa barafu. Ardhi huko chini ilikuwa bado imeganda haiwezi kunywa maji, na mlima wangu wote ulikuwa unayeyuka ukutani hapo. Inchi 10 za theluji kwa kawaida zinatoa kama inchi 1 ya maji. Inchi 1 ya maji juu ya eneo la futi mraba 1,000 ni zaidi ya lita 2,300, karibu mapipa 12 ya lita 200. Sasa piga hesabu ya mlima niliojenga kwa mikono yangu miwili. Msimbazi haukunifuata Marekani. Niliubeba kwa koleo.

Siku zilizofuata nazipitisha haraka, zilikuwa ndoo, feni na harufu. Vitenge robota mbili zilichuja rangi. Kapeti likatupwa, jipsamu tukaikata futi mbili kutoka chini, maana kuvu huanza ndani ya saa 24 hadi 48 na haikusubiri. Kilichoniuma ni bahasha ya picha za marehemu baba, za studio, nyeusi na nyeupe. Zilikuwa zimegandana. Nilizianika juu ya taulo moja moja. Tatu zilipona.

Bima? Wakala aliyeniuzia aliniambia kwa mdomo wake, "Usiwe na wasiwasi, una bima kamili." Nilipodai, nikajibiwa kwamba maji yaliyotoka ardhini hayamo, na pampu kushindwa nako hakumo, ila kuna nyongeza ya bima, ya pampu kushindwa au bomba la maji taka kurudisha maji ndani, ambayo ningeweza kununua. Kwangu ilikuwa dola 60 na kitu kwa mwaka. Hakunitajia siku ya kwanza. Mpaka leo nikipita karibu na ofisi ile nabadilisha njia.

Na shemeji? Niliandika kwenye kundi kuuliza kama kuna mwenye vakyumu, ile mashine ya kufyonza maji. Akajibu: "Mtu wa Jangwani hakosi maji," na vikatuni sita vya kucheka. Watu ishirini na kitu wakaongeza vyao. Vakyumu nilikwenda kuazima kwa jirani Mmarekani ambaye hata jina langu hajui kulitamka.

Nimeshasamehe. Lakini ngoja nimalizie. Majira yaliyofuata Pasifiki ikageuka, El Nino ikaja kwa nguvu. Nyumbani mnakumbuka mvua zile za mwisho wa 2023. Huku Minnesota kikawa kipupwe chenye joto kuliko vyote katika kumbukumbu zao, theluji kidogo mno. Shemeji akatangaza kwenye kundi kwamba mwaka huu hakuna haja ya kuhangaika, El Nino imetupa likizo. Krismasi ya 2023 ikanyesha mvua. Mvua, Desemba 25, Minneapolis! Wageni wako kwangu wanakula pilau, na chini naisikia pampu mpya inawaka, inazima, inawaka. Nikatabasamu, wenzangu wakadhani naifurahia nyama. Saa mbili usiku simu ikaita, shemeji. Hakuwa na vikatuni. Nilimpelekea vakyumu, nikazima umeme wake, nikakaa naye mpaka saa saba. Sikusema neno lolote kuhusu Jangwani, na ninaomba mnipongeze kwa hilo kwa sababu ilikuwa kazi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Columbus, ramani za msimu zisome, mimi nazisoma kila mwezi. Zinanisaidia kupanga hela: La Nina ikikaribia, ninyi wa bonde la Ohio mara nyingi mnapata kipupwe chenye maji mengi, basi weka akiba mapema. El Nino ikija, kaskazini huku baridi mara nyingi hulegea. Lakini usiiulize ramani kama ufunge pampu au usifunge. Baridi kali ina theluji itakayoyeyuka, na baridi nyepesi ina mvua.

Theluji itupe mbali na ukuta, hata kama umechoka. Mabomba yanayoshusha maji ya paa yaongeze yafike angalau futi 6 kutoka kwenye msingi. Udongo uuinamishe kutoka ukutani kwenda nje, inchi 6 kwa kila futi 10. Mdomo wa bomba la pampu uwe wazi muda wote, kautazame kila baada ya theluji. Pampu iwe na betri ya akiba, kwani dhoruba ikija umeme hukatika kwanza. Vitu viweke juu ya mbao au rafu. Theluji mbali na ukuta, nimeshasema? Mbali na ukuta. Bima ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida husubiri siku 30 ndipo ianze kazi, kwa hiyo ukiinunua maji yakiwa mlangoni umechelewa, na hata ikilipa, kapeti na kuta nzuri za besimenti haizihesabu. Mwulize wakala swali lako kwa maandishi, na jibu lije kwa maandishi. Mpangaji asubiri. Mtu amekuja juzi kutoka nyumbani, hana ndugu, unamlaza ndani ya shimo ambalo hujalijaribu? Tuwe na huruma na wenzetu.

Nilimwandikia hivi kwa kifupi, nikamwambia kabla ya kumlipa fundi achukue ndoo ya maji aimimine taratibu kwenye shimo la pampu ya zamani, asikilize.

Amenijibu juzi. Alimimina ndoo mbili. Pampu ikakaa kimya. Fundi anakuja Jumatano.